Shajara ya kitabu cha pesa na ndugu, kutoka Uyole

Januari

Kitabu nilichoanza kuandika ni cha kujisaidia, na kinahusu jambo moja tu: pesa kati ya ndugu. Nani apewe, nani akopeshwe, nani aambiwe hapana, na aambiweje ili ukoo usikatike. Msomaji ninayemwona kichwani ni kijana aliyeanza kupata kipato cha kueleweka: mwalimu wa ajira mpya, nesi, bodaboda aliyemaliza mkataba, binti mwenye fremu ya vipodozi Mwanjelwa. Akipokea mshahara wa kwanza simu inaanza kuita, na inaita kutoka Ileje, Makete, Busokelo, popote pale mzazi wake alipotokea.

Mimi ni karani kwenye ghala la viazi hapa Uyole, pale barabara ya Tukuyu na Kyela inapoachana na ile kubwa ya kwenda Zambia. Pia ni mweka hazina wa kikoba chetu. Saikolojia sijaisomea, na wale wahamasishaji wa kupanda jukwaani na kipaza sauti cha shavuni mimi simo. Ninachokijua ni madaftari, na kwenye madaftari nimeona watu wengi wema wakizamishwa na wema wao.

Kabla ya kugusa sura ya kwanza nimeandika misimamo yangu kwenye karatasi na kuibandika juu ya meza. Sitamshauri mtu kitu ambacho sijakifanya mwenyewe au sijakiona kikifanyika kwenye daftari ninaloshika. Siri ya kikundi haitoki kikundini. Sitamwahidi mtu utajiri. Atakayelipia kitabu ni msomaji, asiwepo mtu mwingine nyuma yake. Na bei isizidi kilo mbili za mchele wa Kyela, kwa sababu kijana ninayemwandikia hupima kila kitu kwa chakula.

Mume wangu ameisoma karatasi akasema ni misimamo mizuri. Ni rahisi kuwa nayo sasa, kitabu kikiwa na kurasa tatu. Nitaiamini ikishaninyima kitu.

Februari, mvua

Sura ya kwanza inatakiwa imsaidie msomaji kuzijua tunu zake, yaani yale mambo anayoyathamini kiasi cha kukubali kuyalipia. Njia iliyozoeleka kwenye vitabu vya aina hii ni kumpa mtu orodha ndefu ya maneno mazuri achague matano. Nimeijaribu kikundini baada ya marejesho. Karibu kila karatasi iliyorudi ilikuwa na uaminifu, upendo, bidii na kumcha Mungu. Ukizichanganya zile karatasi hujui ipi ni ya nani. Mzee mmoja aliuliza kama zoezi linasahihishwa.

Orodha nimeiacha, nikaenda kwenye simu. Niliomba taarifa ya miamala yangu ya miezi mitatu, nikaitoa kopi stesheni, nikakaa nayo na kalamu za rangi: nyekundu kwa pesa niliyompa mtu, bluu kwa niliyokopesha, kijani kwa niliyojiwekea. Nyekundu ilijazana mwisho wa mwezi, hilo nililitarajia. Ambalo sikulitarajia ni namba moja iliyojirudia kuliko zote, viasi vidogo vidogo, mara nyingine elfu tatu tu. Ni ya kijana wa bodaboda kule Tukuyu, anayempelekea mama yangu dawa ya presha na sukari ya chai. Kwenye karatasi yangu ya maneno matano mama hayumo kabisa. Niliandika "uwajibikaji", neno la ofisini.

Kwa hiyo sura ya kwanza inaanza hivi: tafuta taarifa ya miamala ya miezi mitatu na kalamu tatu. Nimewapa wanakikundi wachache wajaribu majumbani kwao, kila mtu na karatasi yake, bila kunionyesha. Waliorudi walirudi kimyakimya, mmoja akaomba kopi nyingine ampe mumewe. Zoezi limebaki.

Mwisho wa Februari

Zoezi la mazishi limekufa, na nalisimulia kwa sababu limenifundisha kuliko sura nzima.

Vitabu vya kujisaidia vya nje hulipenda sana. Fumba macho, ujione kwenye mazishi yako mwenyewe, sikiliza watu wanasema nini juu yako, kisha uishi ili hayo yasemwe. Niliwasomea kina mama watatu pale ghalani tukisubiri lori. Wa kwanza alinyanyuka akaenda kunawa mikono. Wa pili akaniambia, "Dada karani, mimi nina mtoto wa miezi minane, haya mambo ya kujitabiria usiniletee." Wa tatu, mama mtu mzima, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema kwani kwenye msiba nani anasema kweli? Wasifu wa marehemu unasomwa na wajukuu, na kila marehemu alikuwa mcheshi, mpenda watu na mcha Mungu, hata yule tuliyekuwa tunajificha tukimwona anakuja.

Alichosema kinatosha. Zoezi linamtaka mtu atunge wasifu, na wasifu kwetu ni mahali pa heshima, mahali pa ukweli ni kwingine. Ukweli wa msibani uko kwenye daftari la rambirambi: nani katoa nini, nani kaleta kuni, nani kalala siku zote tatu. Nikaandika upya. Msomaji anaulizwa: ukilazwa hospitali wiki mbili, nani ataleta uji bila kupigiwa simu? Waandike. Halafu chukua ile karatasi ya rangi uone kama majina hayo yamo kwenye nyekundu yako, au nyekundu imekwenda kwa wengine kabisa.

Hilo wamelijibu pale pale, na kwa sauti.

Machi

Wiki nzima nimekuwa nikisoma usiku, umeme ukiwepo. Sitaki kujaza kitabu majina ya wataalamu, lakini sitaki pia kujifanya mambo haya nimeyagundua mimi.

Yule aliyenisaidia zaidi ni Shalom Schwartz, mwanasaikolojia aliyechapisha mwaka 1992 nadharia ya tunu kumi za msingi baada ya kuwauliza watu wa nchi nyingi. Kumi zenyewe, kwa maneno yangu: kujiamulia, msisimko, starehe, mafanikio, madaraka, usalama, kufuata taratibu, mila, wema kwa walio karibu nawe, na wema kwa wote. Kilichonikamata ni jinsi alivyozipanga kwenye duara. Zilizo jirani zinasaidiana, zinazotazamana zinavutana, na mtu hawezi kuzikumbatia mbili zinazotazamana kwa nguvu ile ile na kwa wakati mmoja.

Rasimu yangu ya sura ya tatu ilisema kijana wetu anavutwa kati ya ukarimu na usalama: akitoa sana anabaki mtupu. Nimechora duara kwenye karatasi ya kufungia sukari na kuweka vidole. Usalama, taratibu, mila na wema kwa walio karibu viko upande mmoja, vimefuatana. Havipigani sana. Na ukifikiria maisha ya hapa ni kweli, maana kwa mtu asiye na pensheni wala bima ya maana, ndugu ndiye bima. Anayemlipia mpwa wake ada anajiwekea usalama vilevile, hata kama haisemwi hivyo mezani. Vita iko kwingine. Wema kwa walio karibu unatazamana na mafanikio: kufungua duka la pili, kununua kiwanja Iwambi, kusoma digrii ya jioni. Kijana haogopi kufa njaa, anaogopa kubaki pale pale alipo huku wenzake wanasonga. Na aibu yake ni kwamba hawezi kulisema hilo mbele ya baba mdogo.

Sura ya tatu imefutwa, inaandikwa upya. Sasa inaitwa "Kutaka kusonga si dhambi", ingawa mhariri naye atakuwa na lake.

Nimechukua pia jambo dogo kutoka kwenye tiba ya kisaikolojia iliyoanzishwa na Mmarekani Steven Hayes miaka ya 1980, inayotenganisha tunu na lengo. Lengo lina mwisho: mdogo wako akimaliza chuo, limekwisha. Tunu ni upande unaoelekea, haumaliziki. Vijana wengi huchoka kwa sababu wameahidi upande mzima, "nitawasomesha wadogo zangu", wakati uwezo walionao ni wa lengo moja, "nitamlipia Form Five na Six". Aya mbili zinatosha.

Aprili

Msimamo wa siri umedai chake.

Sura ya tano ilikuwa ndiyo bora, nasema bila aibu. Ilikuwa hadithi ya mama mmoja wa kikundi chetu aliyekopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, ili amchangie harusi mtoto wa kaka yake. Akakopa nyingine kulipa ile, akauza cherehani, mwishowe akaja kikundini kusema mbele ya watu wote. Nilikuwa nimeandika mpaka rangi ya kitenge alichofunika ile cherehani walipokuja kuichukua. Jina nilibadilisha. Biashara nilibadilisha, kutoka nyanya kwenda dagaa.

Nilimpelekea nyumbani aisome kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilimwamkia, akaitikia, akavaa miwani, akasoma taratibu huku kidole kikifuata mstari. Alipomaliza alizikunja karatasi mara mbili.

"Mwanangu, umeandika kweli tupu. Hata mimi nimelia."

"Asante mama."

"Ila mkwe wangu yuko hapo Itezi. Kitabu kikiuzwa Uyole atakisoma. Cherehani ile yeye ndiye alininunulia. Mpaka leo anajua iko kwa fundi."

Nikamwambia naweza kuiondoa cherehani nikaweka jokofu. Akaniangalia tu.

"Wanakikundi wote wanajua ni cherehani. Wakisoma jokofu watasema, karani kamficha yule mama. Ndiyo watanitaja zaidi."

Sikuwa na jibu. Ile hadithi ilikuwa na nguvu kwa sababu ni ya mtu mmoja aliyepo. Ukiibadilisha mpaka asijulikane hata na jirani, kinabaki kitu ambacho mtu yeyote angeweza kukitunga. Nimeichoma sura hiyo kwenye jiko lake, yeye akiangalia, na kwenye simu nimefuta faili. Sina nakala.

Mahali pake nimeweka sura kavu yenye faida: namna ya kumtambua mkopeshaji kabla hujatia saini. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewapanga watoa huduma hao madaraja manne. Wapo wanaopokea amana za watu, wapo wanaokopesha bila kupokea amana, na humo ndimo inamotakiwa kuwemo ile ofisi ya chumba kimoja yenye bango la "mkopo ndani ya dakika 20", zipo SACCOS, na daraja la nne ni vikundi kama chetu. Wote wanatakiwa wawe wamesajiliwa au wana leseni. Swali la kwanza la mkopaji basi ni rahisi: leseni iko wapi, niione. La pili, nipe jumla nitakayolipa mpaka mwisho, kwa shilingi, usinipe asilimia ya wiki. La tatu, unachukua nini nikishindwa, na iandikwe hapa. Haitamliza mtu yeyote sura hii. Sawa tu.

Mei

Kazi ya mwezi huu ni sentensi. Kijana anaelewa vizuri kwamba asitume pesa ya kodi ya nyumba kwa binamu, ila simu ikiita saa nne usiku, sauti ya binamu ikiwa inatetemeka, kuelewa kote kunayeyuka.

Mwaka 1999 mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer alieleza faida ya mpango wa "kama hivi, basi hivi": badala ya kuazimia kwa ujumla, unaamua mapema kwamba jambo fulani likitokea, utafanya kitu fulani. Uamuzi unakuwa umeshafanyika kabla ya moyo kupanda. Sisi kwenye kikoba tulikuwa nao tayari bila kujua asili yake. Katiba yetu inasema mwenye rejesho lililochelewa akiomba mkopo mpya, jibu ni hapana, hakuna kupiga kura. Mwenyekiti hajawahi kugombana na mtu kwa hilo, maana anayekataa ni karatasi.

Kwa hiyo tumetunga sentensi na kuzijaribu. Hizi ndizo zilizopona:

"Ndugu akiomba pesa usiku, nitamwambia nimesikia, nitakujibu kesho saa sita." Saa sita ina kazi yake. Ukisema "kesho" tu, anapiga saa kumi na mbili asubuhi.

"Mchango wa harusi ukija, nitatoa kiasi nilichoandika Januari kwa harusi zote za mwaka, na kadi nitairudisha siku hiyo hiyo." Kukaa na kadi ndiko kunakoleta simu za kamati.

"Mjomba akisema 'tulikusomesha', nitasema ni kweli, nashukuru, kisha nitataja ninachoweza." Hii ilibadilishwa mara nyingi. Mwanzoni ilikuwa na "lakini" katikati, na kila aliyeijaribu alisema mjomba alisikia "lakini" peke yake. Kijana mmoja anayefundisha shule ya msingi huko Rungwe aliitumia kwa mjomba wake halisi, wakiwa wamekaa chini ya migomba. Mjomba alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kiasi gani. Akakichukua.

Kuna moja iliyokataliwa na wote: "Akiniomba mama, basi..." Hakuna aliyetaka kuimalizia. Nimeiacha hivyo hivyo kitabuni, na mstari mtupu mbele yake.

Juni, baridi

Vidole haviandiki kabla ya saa nne asubuhi. Jiko la mkaa liko chini ya meza, dirisha wazi kidogo ili tusife.

Mhariri wangu ni mwalimu wa Kiswahili Iringa. Muswada ulikwenda kwa basi ndani ya bahasha ya kaki, nikampa kondakta, na umerudi vivyo hivyo ukiwa na wino mwekundu mpaka pembezoni. Kwanza amezikata methali. Nilikuwa na methali karibu kila mwanzo wa sura na yeye ameandika pembeni, "Msomaji wako anazijua hizi tangu darasa la tatu na bado simu inamshinda. Mpe kitu kingine." Zimebaki mbili, na moja nadhani hakuiona.

La pili ni zito zaidi. Nilikuwa naamrisha: fanya, acha, kataa, andika. Ndiyo lugha ya vitabu hivi, inampa mtu nguvu. Mhariri akauliza kama baba yake, mwenye miaka sabini na kitu, akikishika kitabu, mimi nani wa kumwambia "acha". Nikajibu baba yake siye niliyemlenga. Akaniandikia kwa ujumbe wa simu: "Kitabu kikiingia kwenye nyumba kinasomwa na nyumba." Tumebishana siku kadhaa. Hatimaye maagizo ya hesabu yamebaki amri, maana "tafuta jumla" haimvunjii mtu heshima. Yanayogusa watu yamekuwa "tujaribu", "waweza kumwambia", "ukipenda uandike". Kitabu kimepoa kidogo. Namwamini mhariri kuliko ninavyoipenda ile sauti kali.

Sura ya lumbesa nayo imekwenda. Naipenda mno sura hiyo. Kila siku naona gunia la viazi limeshonewa kilemba juu wakati sheria ya vipimo haitaki lizidi kilo 100, na mkulima analipwa kama gunia moja. Hasira ninazo za kutosha. Ila ni sura ya kitabu kingine, hii inahusu ndugu.

Julai

Wiki mbili sijaandika chochote, nimebishana tu.

Kampuni moja ya mikopo imesikia habari za kitabu kupitia kwa mtu wa kikundi. Wamenipigia, wakaja mpaka ghalani na fulana zao. Wako tayari kulipia uchapaji wote. Wanachotaka ni nembo yao jalada la nyuma na ukurasa mmoja ndani. Sura ya wakopeshaji hawakuomba ibadilishwe. Sidhani hata wameisoma.

Ingekuwa ni tamaa dhidi ya msimamo nisingepoteza usingizi. Shida ni kwamba misimamo yangu miwili imegeukiana. Nimesema kilo mbili za mchele. Bei aliyonipa mpiga chapa, kwa idadi ya nakala ninayoimudu, inakifanya kitabu kiuzwe zaidi ya hapo. Nikichukua pesa ya kampuni, kitabu kinashuka mpaka kilo moja na kijana wa bodaboda ananunua bila kuwaza. Nikiikataa, kitabu kinabaki changu na hakinunuliki.

Mwenyekiti wetu alisema nichukue. Hoja yake haikuwa nyepesi: nembo haijawahi kumkopesha mtu, mtu anakopeshwa na shida zake, na kitabu kisichosomwa kina usafi gani? Mume wangu akasema niwaulize wenyewe waliojaribu mazoezi. Nikawauliza. Yule mama wa cherehani alisikiliza, akauliza kitu kimoja tu: "Nikifika ukurasa wa leseni iko wapi, nikageuza kitabu, nitaona nembo yao?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi nitajua leseni iko wapi."

Alikuwa anatania, nadhani. Lakini ndivyo atakavyosoma kila mtu. Nembo ikikaa nyuma, sura ile inakuwa barua ya utambulisho wa kampuni moja. Nimewapigia nikawashukuru, nikakataa. Hawakukasirika. Wamesema mlango uko wazi.

Ikabidi niitafute bei kwenye kitabu chenyewe. Mpiga chapa alinionyesha kitu ambacho laiti ningekijua Januari: karatasi kubwa ikichapwa pande zote na kukunjwa inatoa kurasa 16, kwa hiyo kitabu hupangwa kwa kumi na sita. Changu kilikuwa na kurasa 112, mikunjo saba. Kikishuka mpaka 96 ni mikunjo sita, na mkunjo mmoja kwenye kila nakala si pesa ndogo. Nimekata dibaji yote, hakuna atakayeililia. Shukrani zimekuwa aya moja. Michoro ya rangi imekuwa nyeusi, na lile zoezi la kalamu tatu sasa linamtegemea msomaji mwenye kalamu zake. Saizi ni A5, jalada la rangi moja, gundi badala ya kushona. Halafu vikundi vitatu vya jirani vimekubali kulipia kabla, na hiyo imeongeza idadi ya nakala na kushusha bei ya kila moja. Tumefika kilo mbili na robo. Robo hiyo bado inaniuma.

Agosti

Makaratasi. Hakimiliki kwa sheria yetu, ile Namba 7 ya mwaka 1999, inaanza pale kazi inapoandikwa, haingoji usajili, na inadumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa. Hata hivyo nimeisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ili siku ya ubishi niwe na karatasi mkononi. Namba ya ISBN, ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba; ina tarakimu 13, na nyingi za kwetu huanza na 978-9976 au 978-9987. Mpiga chapa alitaka nitumie namba ya kitabu kingine "kwa muda". Nimengoja. Zipo pia nakala za kuwekwa Maktaba Kuu ya Taifa, hizo nimezihesabu kwenye oda ili zisije zikatoka kwenye za vikundi.

Jalada lilikuja na picha ya mkono unaorusha noti hewani. Nimelirudisha. Jipya lina daftari la mistari lililofunguliwa, na kalamu nyekundu.

Septemba

Nakala ya mfano imefika. Gundi imeshika vizuri, nimeikunjua mpaka mwisho kuijaribu. Ukurasa wa 41 jedwali limekatika chini, safu ya "nilichojiwekea" haipo kabisa, na hiyo ndiyo safu ambayo kijana anaihitaji. Kwenye sura ya sentensi, ule mstari mtupu baada ya "Akiniomba mama, basi..." msanifu kurasa ameuona kama kosa la uchapaji akaufuta. Unarudi.

Kikundi kimeomba kununua nakala kwa mkopo, kulipa wakati wa kuvunja kikoba na kugawana Desemba. Nimewasomea sentensi ya usiku: nimesikia, nitawajibu kesho saa sita. Wamecheka, wamepiga makofi, na saa sita kamili mwenyekiti amepiga simu. Nimekubali kwa nusu ya idadi waliyotaka, nusu nyingine taslimu, na imeandikwa kwenye daftari.

Yanayobaki kabla ya Oktoba: jedwali la ukurasa wa 41, mstari mtupu wa mama, kuhakiki namba zote za kurasa baada ya kukata dibaji, na kumuuliza mpiga chapa kama karatasi nyepesi ya gramu 70 badala ya 80 inaweza kuiondoa ile robo kilo bila maandishi ya upande wa pili kuonekana. Ameniahidi kunichapia kurasa chache za majaribio Jumatatu.